Kurasa Ambazo Jackline Hakuzisoma

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku zote saba za wiki, Jackline Sumari alikuwa njiani. Keni ya maziwa mkononi, kandambili miguuni, na kanga ya mama yake mabegani, maana baridi ya kijiji cha Akheri asubuhi haina mchezo. Aliteremka kati ya migomba na kahawa, akaruka mfereji mahali palepale alipouruka jana, akatokea kwenye kituo cha maziwa cha kikundi chao cha wafugaji, chini kidogo ya kanisa. Kilikuwa kijumba cha matofali chenye bati la bluu, na ndani yake kulikuwa na tangi kubwa la kupozea maziwa.

Mlangoni alisimama Mzee Efraimu, mtunza kituo. Funguo za kituo alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na alikuwa amezivaa hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Maziwa ya kila mtu aliyanusa kwanza, ndipo akayapima kwa kifaa, na watu walisema pua yake haijawahi kupishana na kifaa hata siku moja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu. Mmeamkaje nyumbani?"

Hilo jina la mwalimu lilianza kama utani. Jackline alikuwa darasa la sita tu, ila Kiingereza alikisoma kwa wepesi kama anayekunywa uji, na kijiji kizima kililijua hilo. Jina likamkaa vizuri. Tuseme ukweli, lilimkaa vizuri kupita kiasi, hata akaanza kuwasahihisha wenzake bila kuombwa, na rafiki yake Angel akamwambia siku moja kwamba ikiendelea hivi atakosa wa kucheza naye rede.

Miezi miwili kabla ya mambo haya, vyama vya wafugaji vya Uholanzi na Slovenia, ambavyo vilikuwa na urafiki na kikundi cha Akheri, vilileta boksi. Lilikuwa dogo, ukubwa wa mkate, na lilifungwa ukutani juu ya tangi. Waya wake ulizama ndani ya maziwa kupima joto, na juu ya paa kikawekwa king'ora cha kuonya maziwa yakiwa hatarini. Boksi lilikuwa na betri yake lenyewe. Fundi aliyelifunga alikuwa Naisula, msichana wa Terrat anayefanya kazi Arusha mjini. Alimaliza kazi kwa siku moja, akaahidi kurudi kufundisha, na akaacha kijitabu cha kurasa kumi na mbili kilichochapwa Ulaya, chote kwa Kiingereza. Kilieleza istilahi muhimu, yaani yale maneno wanayotumia watu wa huko waliounganisha kompyuta zao bila mmoja kuwameza wengine.

Mwenyekiti wa kikundi, Bwana Nathanael, hakuwaza mara mbili. Kijitabu alimkabidhi Jackline, akamwomba akisome chote, na baada ya wiki mbili awaeleze wanachama mkutanoni.

Jackline alisoma ukurasa wa kwanza jioni ileile. Ulihusu wingu, na aliuelewa: si wingu la mvua linalofunika Mlima Meru, bali ni kompyuta kubwa zilizo mbali, unazozitumia kwa njia ya mtandao. Akajiona hodari. Kurasa kumi na moja zilizobaki akasema atazisoma kesho. Kesho ikawa ya rede. Kesho kutwa ikawa ya tamthilia kwenye simu ya binamu yake. Wiki mbili ziliisha hivyo hivyo, na kijitabu kilikuwa bado kinanukia upya.

Siku ya mkutano alilieleza wingu kwa nusu saa nzima, mikono ikipaa hewani. Maneno mengine aliyapitia mbio mbio kwa Kiingereza kizito, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Watu walipiga makofi. Mama yake, Marta, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mzee Efraimu alisubiri mpaka watu watawanyike. Kiingereza hakukijua, na mbele za watu aliona haya kuuliza. Alimsogelea Jackline karibu na mlango wa kituo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtandao wa huku unakatika kila mara; sasa ukikatika, boksi linafanya nini?

Jibu lilikuwa ukurasa wa nne. Jackline hakuwa ameufikia. Palikuwa na neno moja fupi la kusema, sijui, lakini hakulisema, kwa sababu dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu apigiwe makofi.

"Halifanyi kitu, babu," alisema kwa sauti ya uhakika. "Bila mtandao linalala tu na kula betri bure. Mtandao ukikatika, lizime mpaka urudi."

Mzee alielewa mara moja. Hata redio yake aliizima kila stesheni ilipopotea, ili kutunza betri. Alimshukuru mwalimu wake, akafunga kituo na kwenda nyumbani.

Wiki tatu zikapita bila tatizo. Kisha Jumamosi moja jioni mtandao ulikatika kijiji kizima, na Mzee Efraimu akalizima boksi kama alivyoelekezwa. Jumapili asubuhi alipokea maziwa kama kawaida, yakaingia tangini yakiwa bado na joto la ng'ombe, akawasha mashine ya kupoza. Siku hiyo mjukuu wake alikuwa anapata kipaimara. Mzee alivaa koti lake la kijivu, akafunga mlango, akapanda kanisani, hatua mia mbili tu.

Ibada ilikuwa katikati pale swichi kubwa ya kituo iliporuka na kukata umeme wake. Umeme wa kanisani uliendelea kuwaka, wa majumbani pia, kwa hiyo hakuna aliyejua lolote. Mashine ya kupoza ilinyamaza. King'ora juu ya paa kilinyamaza pia, maana boksi lililokuwa na kazi ya kukiamsha lilikuwa limezimwa.

Gari la kuchukua maziwa lilifika saa nane mchana. Dereva alichukua maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti kwenye kichupa, na maziwa yakaganda palepale, dalili kwamba yameharibika. Alimwonyesha Mzee Efraimu kile kichupa, akarudi kwenye gari lake.

Habari zilienea kabla vumbi la gari halijatulia. Waliotaka walikuja na ndoo kuchota maziwa ya kupikia loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando, lakini lita mia nne ni loshoro ya harusi tatu, na siku hiyo hapakuwa na harusi. Yaliyobaki yalimwagwa. Jackline alisimama na keni yake tupu akiyatazama yakitiririka meupe kwenye mtaro, na hapo ndani yalikuwamo ya ng'ombe wao, na ya Mama Evaresta mjane, ambaye ndiyo hasa yaliyokuwa yakimsomeshea watoto. Bado hakujua kwamba kosa lilikuwa lake. Alimwonea huruma Mzee Efraimu, na moyoni akashangaa mtu makini kama yule amewezaje kusahau kulikagua tangi.

Jumatatu jioni Naisula alifika kwa pikipiki. Alifungua boksi, akalipima, akalifunga. Wanachama kama kumi hivi walikuwa wamesimama pale, Jackline akiwa kati yao. Naisula alisema boksi ni zima kabisa, ila lilikuwa limezimwa kwa mkono. Kama lingekuwa limewashwa, king'ora kingelia dakika ileile, na kanisa zima lingesikia.

"Lakini mtandao haukuwepo," alisema Bwana Nathanael.

"Halihitaji mtandao kulia," Naisula alijibu. "Ndiyo maana limewekwa hapa na si mjini. Linapima hapa na linaamua hapa hapa. Mtandao linautaka baadaye tu, kupeleka muhtasari. Imeandikwa kwenye kijitabu, ukurasa wa nne."

Jackline alihisi damu yote imempanda usoni. Aliinamisha kichwa, akasubiri kusikia jina lake. Alijua linakuja. Mwenyekiti alimgeukia Mzee Efraimu, akamuuliza kwa nini alilizima.

Mzee alizishika funguo zake shingoni. "Nilidhani halina kazi bila mtandao," alisema. "Ni makosa yangu."

Hakumtazama Jackline hata kwa pembe ya jicho. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angemnyooshea kidole angelia, yakaisha, lakini mzee alilibeba lile kosa kama anavyobeba keni ya mtu mwingine aliyechoka. Na Jackline, aliyekuwa na maneno tele siku ile ya makofi, alikaa kimya mpaka watu wakaondoka. Bwana Nathanael alitangaza kwamba Jumamosi kamati itakaa, na Mzee Efraimu aje na funguo.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Asubuhi Jackline alifika kituoni akiwa ameinama, akatoa shikamoo kwa sauti ya chini, na mzee akaitika vilevile, akamwita mwalimu vilevile. Jina lililokuwa tamu sasa lilimkera kama mchanga kwenye kiatu. Jumatano, shuleni, Mwalimu Aristides alimsimamisha mstarini, akawaambia wanafunzi wote waige mfano wa Jackline, msichana aliyewafundisha wazazi wake teknolojia. Makofi yalilia. Jackline alisema tumbo linamuuma, akaenda kukaa nyuma ya choo cha wasichana, akalia kwa aibu mpaka kengele ilipogonga.

Mchana wa siku hiyo alikitoa kijitabu. Alikaa kwenye banda la ng'ombe, kamusi pajani, akakisoma. Ukurasa wa pili, wa tatu. Wa nne ulikuwa mfupi sana, mistari sita tu. Ulieleza ukingo: kazi kufanyika palepale jambo linapotokea, kwa kompyuta ndogo iliyo karibu, ili isisubiri jibu kutoka mbali, na iweze kuendelea hata mtandao unapokatika. Mistari sita. Angeisoma kwa muda wa kukamua chuchu moja. Aliirudia mara nne, na kila mara aliwaza juu ya mzee yule na ile kamba ya kiatu shingoni, na juu ya Mama Evaresta akiinua ndoo yake ya loshoro bila kumsemesha mtu.

Mama yake alimkuta pale. Aliona kijitabu, akaona macho mekundu, akauliza kulikoni. Jackline alifungua mdomo, akasema ng'ombe amemkanyaga. Hata uongo huo ulimtia aibu, kwa sababu ng'ombe alikuwa amefungwa upande wa pili wa banda.

Jumamosi watu walijaa uani kwa kituo kuliko siku ya makofi. Jackline alisimama karibu na mama yake. Bwana Nathanael alizungumza kwa heshima, alisema kikundi hakijasahau miaka kumi na mmoja ya Mzee Efraimu, ila maziwa ya kaya arobaini hayawezi kukaa mikononi mwa mtu anayezima vyombo kwa kudhani. Mzee alisimama. Alivua kofia kwanza, kisha akaanza kuivua ile kamba, ikanasa kwenye sikio, akahangaika nayo.

Jackline hakukumbuka baadaye alifikaje mbele. Alijikuta tu amesimama kati ya mzee na mwenyekiti, na watu wote wakimtazama.

"Si babu," alisema. "Ni mimi. Babu aliniuliza mtandao ukikatika afanye nini. Nikamwambia alizime. Sikuwa najua. Kijitabu mlichonipa nilisoma ukurasa mmoja tu, zingine zote sikuzisoma, nikawadanganya hapa, mkanipigia makofi."

Marta aliinamisha uso. Mwanawe alikuwa akimtazama, na kuona kichwa cha mama yake kikishuka mbele za watu lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyaona.

Mama Evaresta ndiye aliyezungumza kwanza. "Mtoto," alisema, "kwangu zilimwagika lita kumi na nane. Ningependa uzikumbuke."

"Nitazikumbuka, mama. Nisameheni."

Bwana Nathanael alimgeukia Mzee Efraimu, akamuuliza kwa nini siku zote hizo hakusema. Mzee alikuwa bado ameishika ile kamba, nusu shingoni, nusu mkononi.

"Ana miaka kumi na miwili," alisema. "Mimi nina sabini na moja. Ningesimama hapa niseme nimepotezwa na mtoto? Halafu na mimi nina langu. Siku ile nilikuwa na swali, na ninyi nyote mlikuwepo, na yule fundi namba yake ninayo. Nikaona haya. Nikangoja mwondoke ndipo nimuulize mtoto pembeni. Kama ningeuliza hadharani, mmoja wenu angesema tumpigie Naisula. Kwa hiyo msimtwike peke yake."

Watu walitazamana. Wengi wao, wakijichunguza, walikumbuka kwamba nao hawakuelewa kitu siku ile zaidi ya wingu, na bado walipiga makofi. Mwenyekiti mwenyewe alikohoa, akakiri kwamba kijitabu alimsukumia mtoto kwa sababu hata yeye kilimtisha. Kisha akamwambia mzee arudishe kamba yake shingoni, kazi iendelee.

Jackline naye hakuachwa hivi hivi. Mama yake alisema, mbele ya wote, kwamba kwa Jumamosi nane mwanawe ataosha keni za wanachama wote pale kituoni, akianza na za Mama Evaresta. Na mwenyekiti akampa wiki moja akisome kijitabu upya, chote, aje aeleze tena, Naisula akiwepo.

Safari hii alisoma kweli. Alisoma akiwa na penseli, na neno asilolielewa aliliwekea alama pembeni. Jumamosi iliyofuata alisimama mikono ikiwa imetulia. Alisema ukingo ni kama maziwa ya uji wa mtoto nyumbani: hayapelekwi kwanza kituoni yakarudi, yanakamuliwa na kuchemshwa hapo hapo, kwa sababu mtoto ana njaa sasa. Kituoni yanakwenda yale yanayoweza kusubiri. Wanawake walitikisa vichwa kwa kukubali. Alisema shirikisho ni kama vikundi vyote vinavyozunguka mlima, kila kimoja na tangi lake na funguo zake, ila vimekubaliana kutumia kipimo kimoja na kanuni moja, ili viweze kuuziana na kusaidiana bila tajiri mmoja kumiliki matangi yote. Alisema ridhaa ni kwamba habari za ng'ombe wako haziendi Uholanzi wala kokote mpaka wewe mwenyewe useme ndiyo.

Alipofika ukurasa wa tisa aliweka kidole kwenye neno lenye alama ya penseli.

"Hili neno sijalielewa," alisema. "Nimelisoma mara nyingi. Sijui."

Hakuna aliyecheka. Naisula alisema hata yeye hilo lilimsumbua, alilazimika kuwauliza wenzake mara mbili, akasimama kulieleza: ni haki ya mwenye habari zake kuzihamisha zote kutoka kwa mtunzaji mmoja kwenda kwa mwingine, bila kuzuiwa. Mama Evaresta akauliza swali. Bwana Nathanael akauliza lake. Mkutano uliendelea mpaka jua likawa kali, kwa sababu sasa kila mtu alikuwa na la kuuliza.

Jumatatu asubuhi Jackline aliteremka na keni yake. Mtandao ulikuwa umekatika tena tangu usiku, lakini taa ya kijani ya boksi iliwaka ukutani, na chini yake ilimetameta taa nyingine ndogo ya njano. Mzee Efraimu alinusa maziwa, akayapima, akaandika. Kisha akaielekeza kalamu kwenye ile taa.

"Mwalimu, hii ya njano inasema nini?"

Jackline aliitazama kwa makini. Jibu zuri lilimjia mdomoni, la haraka, lenye kupendeza. Akalimeza.

"Sijui, babu. Tumpigie Naisula?"

"Tumpigie," alisema mzee, akitoa simu mfukoni. Kabla ya kubonyeza namba alimtazama yule binti kwa muda. "Unajua nitaendelea kukuita mwalimu. Zamani nilikuita hivyo kwa utani. Mtu anayejua mengi anaweza kunipoteza siku moja na asijue. Lakini mtoto anayeniambia sijui wakati hajui, siku akiniambia najua, nitalala usingizi. Soma unachopewa kusoma, mpaka ukurasa wa mwisho. Na usichokielewa kitaje mapema, kabla hakijamwaga maziwa ya watu."

"Nimeelewa, babu," alisema Jackline.

Simu iliita upande wa pili. Jackline aliiweka chini keni yake, akachukua brashi, akaanza kuosha ya Mama Evaresta, ingawa haikuwa Jumamosi.